Naili Ilipopungua: Ukame na Anguko la Ufalme wa Kale wa Misri

Kusini mwa Luxor, mahali panapoitwa el-Mo'alla, lipo kaburi la liwali mmoja wa kale, jina lake Ankhtifi. Liligunduliwa mwaka 1928, na maandishi ya nguzo zake yalichapishwa na Mfaransa Jacques Vandier mwaka 1950. Humo Ankhtifi anajisifu bila haya. Anadai kwamba Misri yote ya Juu ilikuwa ikifa njaa, hata watu wakawa wanakula watoto wao, lakini katika wilaya yake hakuna aliyekufa kwa kukosa chakula. Anaongeza kuwa shayiri yake ilipanda na mto hadi Wawat, katika nchi ya Wanubi, na ikashuka kaskazini hadi wilaya ya Thinis. Mtu huyu aliishi katika zama ambazo wanahistoria huziita Kipindi cha Kwanza cha Kati, zilizoanza kiasi cha mwaka 2180 KK, baada ya kuvunjika kwa Ufalme wa Kale, dola ileile iliyojenga piramidi za Giza. Kwa karne tano dola hiyo ilikuwa na mfalme mmoja, hazina moja na sheria moja kuanzia maporomoko ya Aswan hadi bahari ya Mediterania. Kisha ikagawanyika vipande, na maliwali kama Ankhtifi wakawa wanagawa nafaka, wanapigana vita na kujitukuza kana kwamba wao ndio wafalme. Ni nini kiliivunja?

Jibu lililotikisa wataalamu lilitolewa mwaka 1971 na Mmarekani Barbara Bell, katika makala iliyotoka kwenye jarida la akiolojia la Marekani. Bell alikusanya maandishi ya kale yanayotaja njaa, mchanga uliotanda na mto uliokauka, akahitimisha kuwa chanzo kilikuwa kushindwa kwa mafuriko ya Naili mwaka baada ya mwaka. Kabla yake wengi walieleza anguko hilo kwa siasa pekee: mfalme aliyezeeka mno, maliwali waliotajirika kupita kiasi, hazina iliyotoboka. Tangu hapo mjadala umekuwa ukivutwa pande mbili, upande mmoja ukiyaachia mawingu kila kitu na wa pili ukidai kwamba mawingu hayakuhusika. Hoja ya makala hii ni kwamba ushahidi haukubaliani na upande wowote kati ya hiyo miwili. Ukame ulikuwepo, tena mkali. Hata hivyo kilichoanguka ni kiti cha enzi cha Memphis, mji mkuu wa dola hiyo, pamoja na mfumo wake wa kukusanya na kugawa. Jamii ya Wamisri, mashamba yao, miji yao na dini yao vilibaki. Tofauti hiyo kati ya dola na jamii ndiyo itakayotuonyesha janga la asili hufanya kazi gani katika historia.

Tuanze na mto wenyewe. Misri ni nchi isiyo na mvua ya kulimia. Uhai wake hutoka mbali. Naili Nyeupe, inayotoka Ziwa Viktoria, hutiririka mwaka mzima lakini hupoteza karibu nusu ya maji yake katika kinamasi cha Sudd, huko Sudan Kusini. Mafuriko hasa, yale yaliyofunika mashamba ya Misri kuanzia Julai hadi Oktoba na kuacha tope jeusi lenye rutuba, yaliletwa na Naili ya Bluu na mto Atbara, kutokana na mvua za monsuni katika nyanda za juu za Ethiopia. Nyanda hizo ndizo zinazochangia takribani asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan. Kwa hiyo mkulima wa Memphis, ambaye hakuwahi kuuona mlima wa Ethiopia, aliishi kwa rehema ya mawingu ya huko. Tena nafasi kati ya shibe na njaa ilikuwa nyembamba. Mwandishi wa Kirumi Plinio Mkubwa, katika karne ya kwanza BK, aliandika kuwa mafuriko ya dhiraa 12 yaliiletea Misri njaa, ya 14 yaliiletea furaha na ya 16 neema tupu. Kati ya njaa na neema zilikuwa dhiraa nne tu, yaani takribani mita mbili za maji. Wafalme walilijua hilo mapema sana. Jiwe la Palermo, kumbukumbu ya kifalme inayofika hadi nasaba ya tano, linaorodhesha kimo cha mafuriko mwaka kwa mwaka, kwa dhiraa, viganja na vidole. Serikali iliyopima mto hadi unene wa kidole ilijua kodi yake inatoka wapi.

Je, upo ushahidi kwamba mto huo ulipungua kweli mnamo mwaka 2200 KK, bila kutegemea maneno ya maliwali? Upo, na unatoka sehemu nyingi. Mwaka 2000 timu iliyoongozwa na Lonnie Thompson ilitoboa barafu ya Kilimanjaro na kuchukua vipande sita vya mviringo. Katika kimojawapo lilionekana kwa macho tabaka la vumbi lenye unene wa milimita 30 hivi, ambalo watafiti hao walilikadiria kuwa na umri wa miaka 4,000. Mashapo ya Ziwa Tana, chimbuko la Naili ya Bluu, yanaonyesha kipindi kikavu katika zama hizohizo. Kaskazini, kwenye delta, Jean-Daniel Stanley na Michael Krom walipima kemia ya tope lililotua huko wakakuta kuwa mchango wa mto kutoka Ethiopia ulipungua sana kiasi cha miaka 4,200 iliyopita. Mbali zaidi, chini ya Ghuba ya Oman, Heidi Cullen na wenzake walitangaza mwaka 2000 kuwa wamekuta vumbi jingi lililopeperushwa kutoka Mesopotamia katika karne hizo, na kwamba hali hiyo iliendelea kwa takribani miaka 300. Alama za tukio hilo zimeonekana hata kwenye mawe ya pango moja katika jimbo la Meghalaya, India, na mwaka 2018 tume ya kimataifa ya matabaka ya dunia ikaliteua liwe mwanzo wa sehemu mpya ya historia ya dunia, ikaiita kwa jina la jimbo hilo.

Mpinzani makini atauliza kuhusu tarehe, na ana haki. Umri wa barafu ya Kilimanjaro umebishaniwa. Wapo wanaodai kuwa barafu ya mlima huo haikudumu bila kukatika kwa maelfu yote hayo ya miaka. Vipimo vya mashapo navyo vina mwanya wa makosa unaoweza kufikia miaka 100 au zaidi, na mwanya huo unatosha kuwameza wafalme watano. Isitoshe, Afrika Kaskazini ilikuwa imeanza kukauka muda mrefu kabla: Sahara iliyokuwa na maziwa na malisho iligeuka jangwa hatua kwa hatua, na Ufalme wa Kale wenyewe ulizaliwa na kustawi wakati ukaukaji huo unaendelea. Hoja hizi zina uzito, ila uzito wake una mpaka. Ukiliondoa tabaka la Kilimanjaro kabisa, bado unabaki na Ziwa Tana, delta ya Naili, Ghuba ya Oman na pango la India, mashahidi wasiofanana wala kutegemeana. Kinachobomolewa na wapinzani ni ule usahihi wa uongo, yaani simulizi kwamba mvua ilikatika mwaka fulani na mfalme akaanguka mwaka uliofuata. Sayansi ya mashapo inatupa karne, haitupi mwaka. Na kwa kuwa inatupa karne tu, lazima tutafute penginepo sababu iliyofanya karne ngumu iwe karne ya kuvunjika.

Sababu hiyo imeandikwa katika mawe ya wafalme wenyewe. Piramidi ya Khufu huko Giza ilikuwa na kimo cha mita 146. Ile ya Menkaure, iliyojengwa hapohapo vizazi viwili baadaye, ilifikia mita 65 hivi. Pepi wa Pili, mfalme mkubwa wa mwisho wa nasaba ya sita, alizikwa chini ya piramidi ya mita 52, na Ibi, mmoja wa waliomfuata, chini ya moja ya mita 21 tu. Ni kweli kwamba piramidi ndogo peke yake haithibitishi umaskini. Wafalme wa nasaba ya tano walijenga pia mahekalu ya jua na kuyapa mashamba makubwa. Lakini huko kugawa mashamba ndiko kulikokuwa kunaichimba hazina. Amri za kifalme zilizochongwa kwa ajili ya hekalu la mungu Min huko Koptos, zikiwemo za Pepi wa Pili, zinalisamehe hekalu hilo na watu wake kodi na kazi za lazima za serikali. Kila amri ya aina hiyo ilikuwa sadaka kwa mungu na wakati huohuo upungufu wa kudumu katika ghala la mfalme, kwa sababu shamba lililosamehewa lilisamehewa katika miaka ya neema na ya dhiki vilevile.

Maliwali nao walikuwa wanahama, kwa mwili na kwa moyo. Katika nasaba ya nne wakubwa wa serikali walizikwa Giza, kandokando ya piramidi ya bwana wao, kwa kuwa cheo chao kilitoka kwake na hatima yao huko ahera ilimtegemea. Kufikia nasaba ya sita wengi walikuwa wanachonga makaburi ya fahari katika wilaya zao, na cheo cha uliwali kikawa kinarithiwa na mtoto kutoka kwa baba. Mfano mashuhuri ni Harkhuf, aliyezikwa ng'ambo ya kisiwa cha Elephantine karibu na Aswan. Alisafiri mara nne hadi nchi ya Yam, kusini ya mbali, na katika safari moja akarudi na mtu mfupi mcheza ngoma. Pepi wa Pili, wakati huo mtoto, alimwandikia barua ya furaha akimsihi amlinde mtu huyo asije akatumbukia majini, na Harkhuf akaichonga barua nzima kwenye uso wa kaburi lake. Tendo hilo linaonyesha mambo mawili. Jina la mfalme lilikuwa bado na heshima kubwa, kiasi kwamba barua yake ilikuwa pambo la kaburi. Lakini kaburi lenyewe lilikuwa mwendo wa siku nyingi kutoka Memphis, na njia ya biashara ya kusini ilikuwa mikononi mwa watu wa Aswan. Heshima ilibaki katikati, uwezo ukawa pembezoni.

Juu ya hayo likaja suala la urithi. Manetho, kuhani wa Kimisri aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya tatu KK, anasema Pepi wa Pili alitawala miaka 94. Wataalamu wengi leo wanaipunguza hesabu hiyo, wengine hadi miaka 60 na kitu, lakini hata hiyo ni muda wa kutosha kwa warithi wengi kufa kabla ya zamu yao na kwa wajukuu kuanza kugombana. Manetho huyohuyo anadai nasaba ya saba ilikuwa na wafalme 70 waliotawala siku 70. Hakuna mwanahistoria anayeichukua hesabu hiyo kama ilivyo, ila inaonyesha jinsi Wamisri wa baadaye walivyozikumbuka zama hizo: kiti kilikuwepo, mkaaji hakudumu. Basi fikiria mafuriko machache yanayofuatana yanashindwa katika hali hii. Kodi inakadiriwa kwa kimo cha mto, mto umeshuka. Mashamba makubwa ya mahekalu hayadaiwi chochote. Liwali mwenye nafaka hana sababu ya kuipeleka Memphis wakati watu wake mwenyewe wanaitazama. Na mfalme, ambaye kazi yake katika imani ya Wamisri ni kulinda maat, yaani haki na utaratibu wa ulimwengu, ukiwemo ujio wa maji, anaonekana ameshindwa kazi yake mbele ya macho ya wote. Ukame uliigeuza kasoro ya utawala iliyokuwa ikivumilika kuwa jambo lisilovumilika.

Pingamizi zito zaidi linahusu maandishi. Mwaka 2005 mwanaakiolojia Nadine Moeller alihoji kama njaa ya zama hizo haikutiwa chumvi, na kabla yake Stephan Seidlmayer alishaonyesha kuwa makaburi ya watu wa kawaida katika eneo la Qau na Badari, yaliyochimbwa miaka ya 1920, hayaonyeshi ufukara ulioenea. Makaburi yaliongezeka, na vitu vilivyozikwa na maiti vikawa vingi na vizuri kuliko awali. Miji kama Edfu nayo iliendelea kukaliwa na kukua. Utenzi maarufu wa maombolezo unaohusishwa na Ipuwer, uliokuwa ukinukuliwa kama ushahidi wa aliyeona kwa macho, umebaki katika papiri moja iliyoko Leiden, Uholanzi, ambayo ni nakala ya zama za Ufalme Mpya, zaidi ya miaka 800 baada ya matukio. Kuhusu Ipuwer wapinzani wameshinda, na mwanahistoria mwangalifu hana budi kumweka kando. Kuhusu Ankhtifi hawajashinda. Liwali anayejisifu kuwa alilisha watu lazima awe na wasikilizaji wanaoijua njaa. Hakuna anayejenga sifa zake juu ya hatari ambayo jirani zake hawajapata kuisikia. Madai ya watu kula watu yanaweza kuwa ya kuongeza chumvi, lakini Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyeishi Misri wakati Naili iliposhindwa mwaka 1200 BK, aliyaandika mambo hayohayo kama aliyeyashuhudia. Naili inapopungua kweli, Misri inaweza kufika huko.

Makaburi ya Qau na Badari, kwa upande wake, hayaipingi hoja ya makala hii, yanaiunga mkono. Ikiwa watu wa wilayani walizikwa na shanga na vyombo vizuri zaidi baada ya Memphis kudhoofika, maana yake ni kwamba mali iliyokuwa ikipanda kwa mfalme ilianza kubaki nyumbani. Wilaya yenye ghala, mfereji uliotunzwa na liwali anayejua idadi ya watu wake iliweza kuvuka miaka mibaya. Ukame uleule uliowavunja wafalme uliwainua kina Ankhtifi.

Upande wa Syria tunakuta kipimo kingine cha jambo hilohilo. Mwaka 1993 Harvey Weiss na wenzake walitangaza kuwa Tell Leilan, mji wa hekta 90 hivi katika tambarare za Khabur, ulihamwa ghafla karibu na mwaka 2200 KK, na wakalihusisha jambo hilo na ukame na kuanguka kwa dola ya Akkad, iliyoasisiwa na Sargon. Tambarare hizo zililimwa kwa mvua, na Akkad ilizigeuza shamba la kulishia dola. Lakini katika eneo hilohilo, mji wa Urkesh, ambao leo unaitwa Tell Mozan, uliendelea kukaliwa. Urkesh ulikuwa chini ya vilima, ambako mvua ni nyingi kidogo, na ulikuwa na watawala wake wa Kihurri badala ya kuwa kituo cha kukusanyia nafaka ya Akkad. Mawingu yalikuwa mamoja, matokeo yakawa mbalimbali. Ramani ya mvua inaeleza sehemu ya tofauti hiyo, na sehemu nyingine inaelezwa na swali la nani alikuwa mwenye nafaka.

Mfano wa tatu unatoka Misri yenyewe, miaka 3,200 baadaye. Kati ya 1065 na 1072 BK, chini ya khalifa al-Mustansir wa Wafatimi, Naili ilishindwa tena na tena, na wanajeshi wa Kituruki na wa Kisudani wakapigana mjini Cairo wakati watu wanakufa kwa njaa. Waarabu waliuita msiba huo shida ya al-Mustansir. Kila alama ya anguko ilikuwepo: mto mdogo, hazina tupu, jeshi lililogawanyika, khalifa asiye na nguvu. Dola hiyo haikuanguka. Mwaka 1074 jemadari Badr al-Jamali aliitwa kutoka Syria, akawanyang'anya wababe madaraka, akawapunguzia wakulima mzigo wa kodi na kurudisha usalama wa njia, na Wafatimi wakaendelea kutawala kwa takribani karne nyingine. Mtu akisema kuwa mafuriko yakishindwa miaka saba dola lazima ife, historia ya al-Mustansir inamkanusha. Pepi na warithi wake hawakuwa na Badr wa kumwita, kwani kila mwenye askari na nafaka alikuwa tayari ameshajijengea kaburi lake nyumbani.

Hapa atainuka mpinzani wa upande wa pili: kama taasisi ndizo zinazoamua, kwa nini tusumbuke na vumbi la bahari na barafu ya mlima? Kwa sababu bila ukame hatuwezi kueleza wakati. Misamaha ya kodi na urithi wa vyeo vilikuwepo kwa vizazi vingi bila dola kuvunjika, na dola nyingi duniani zimeishi na kasoro kama hizo kwa karne. Pia hatuwezi kueleza kwa nini Misri, Akkad na miji ya Syria, zenye siasa tofauti kabisa, zilitikisika katika karne moja. Janga lilileta shinikizo la pamoja, na kila nchi ikalijibu kwa jinsi ilivyokuwa imejipanga. Nayo Misri inaonekana ilijifunza. Mentuhotep wa Pili wa Thebes aliiunganisha nchi tena mnamo mwaka 2050 KK, na wafalme wa Ufalme wa Kati waliofuata walijenga mifereji na mabwawa katika bonde la Fayum. Katika zama za mmoja wao, Amenemhat wa Tatu, kimo cha mafuriko kilichongwa kwenye miamba ya Semna, kusini katika nchi ya Wanubi, mamia ya kilomita kabla maji hayajafika Memphis. Hao walikuwa watawala walioujua mto na hila zake.

Hukumu basi ni hii. Ustaarabu wa Misri haukuuawa na ukame wa mwaka 2200 KK, kwani uliishi miaka 2,000 zaidi. Kilichokufa ni utawala uliokuwa umeshagawa mapato yake na kupoteza sauti juu ya maliwali wake, kisha ukadaiwa na mto deni ambalo haukuwa na njia ya kulilipa. Msomaji atakapokutana tena na simulizi kwamba volkeno, gharika au kiangazi kiliangusha dola fulani, asiridhike na kimo cha maji wala unene wa vumbi. Aulize chakula kilikuwa kwenye ghala la nani siku mvua ilipokatika, na kama mwenye ghala alikuwa na sababu yoyote ya kulifungua.